Kilo za Mama Hazipimwi kwa Macho

Maneno ya komite ya wamama mbele ya mkutano wa wanachama, Kalunguta, mwezi wa Machi



Tunasema hapa kwa jina la komite ya wamama. Wengi mmeona kwamba mizani haiko tena mbele ya mlango wa ghala, pale ambapo kila mtu alikuwa anaisoma kwa sauti na watoto wanacheka. Sasa iko ndani ya chumba, nyuma ya kikwembe. Wengine wameuliza, kuna siri gani? Wengine wamesema wamama wa siku hizi wanaona haya ya kilo zao. Leo tunajibu. Lakini tutaanza kwa kosa letu sisi wenyewe, maana bila kosa hilo hatungekuwa na neno la kuwaambia.

Mnakumbuka ule mgao wa maharagi na mbegu. Magunia hayakutosha, na watu waliorudi walikuwa wengi. Tulikaa chini ya mti wa avoka, tukapita jina kwa jina. Tulipofika kwa mama mmoja, mtu akasema: "Huyu? Angalieni mashavu yake. Huyu anakula vizuri kutushinda." Tukacheka wote. Tukakata jina lake na kalamu nyekundu, tukaendelea. Hakuna aliyeuliza nyumbani kwake wanakula mara ngapi kwa siku. Hakuna aliyeuliza kama shamba lake limelimwa ao bado ni pori. Mashavu yalitosha kuwa jibu.

Nyuma ya miezi mitatu yule mama alianguka shambani wakati wa palizi. Walimbeba mpaka kituo cha afya. Tansio ilikuwa juu, sukari katika damu ilikuwa juu, na miguu yake ilikuwa imevimba. Muganga alipomfunga kile kipimo cha mkono, mkono ulikuwa mwembamba, sawa mkono wa mtu wa njaa. Uso umejaa, mkono hauna nyama. Muganga akamuuliza swali moja tu: "Mama, unameza dawa gani?"

Ametupa ruhusa ya kusimulia habari hii, bila jina. Yuko kati yetu leo, na yuko mzima. Tunamshukuru mbele yenu wote, kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha.

Alituambia hivi. Wakati tulikimbia, yeye na watoto walikaa Butembo katika nyumba ya watu, watu wengi chumba kimoja. Alikuwa anabeba mizigo ya wengine mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, ili watoto wapate unga. Aliporudi huku alikuwa na kilo 41. Siku ya kwanza tu, majirani walimwangalia, wakanyamaza. Na ninyi mnajua ule unyamavu. Nyuma yake wakaanza kusema: huyu amerudi na ugonjwa. Ndugu za bwana yake wakataka apimwe damu. Alipimwa, hakukuwa na kitu, lakini midomo haikufunga. Ndipo rafiki akampeleka sokoni, kwa muuzaji wa vidonge. Alipewa aina mbili. Wiki chache tu, uso ukajaa. Basi tulipomkuta njiani, sisi hawa hawa, tukamwambia: "Ee mama, sasa umerudi vizuri!" Alisema, siku ile alilala na furaha, na kesho yake akaongeza kidonge.

Ndugu wapendwa, tumekaa na habari hii muda mrefu. Alipokuwa mwembamba, tulimsema kwamba ni mgonjwa, kumbe alikuwa na njaa tu. Alipokuwa mgonjwa kweli, tulimsifu. Kisha tukamkata kwenye lisiti juu ya ule ugonjwa tuliouita afya. Mara tatu tulimwangalia, mara tatu tulikosea.

Kwa nini tulikosea hivyo? Si kwa roho mbaya. Ni kwa sababu macho yetu yamefundishwa. Huku kwetu mwili uliojaa ni alama ya amani. Mama akinenepa tunasema bwana yake anamtunza, nyumba ina chakula, moyo umetulia. Mama akikonda tunatafuta sababu, na sababu tunazozijua ni za kutisha. Wafanyabiashara wetu wanaopita Kasindi kwenda Uganda wanajua kwamba kule ukimwi uliitwa "silimu", maana yake ugonjwa wa kukondesha. Tangu hapo, mtu aliyekonda anabeba shuku. Kisha kukaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020, na katika muda huo watu zaidi ya 2.200 walikufa, zoni yetu ya afya ya Kalunguta ikiwa ndani ya zile zilizoguswa. Tulijifunza kuogopa mwili wa jirani. Kisha vita ikafika hapa, na tangu hospitali ya Maboya ilipochomwa Oktoba 2022, wengi wetu tunajua maana ya kulala njiani na mtoto mgongoni. Watu wa namna hii wakitafuta alama ya kwamba hatari imepita, wanaitafuta kwenye mashavu. Tunaelewa. Lakini mashavu yanadanganya.

Na macho hayafundishwi sawa kila pahali. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita Karagwe, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, katika Tanzania ya leo. Katika nyumba za kifalme aliwakuta wanawake waliokuwa wanalishwa maziwa mpaka wengine hawawezi kusimama peke yao. Kwao huo ndio ulikuwa uzuri na heshima. Speke akamwomba mmoja ruhusa, akampima kwa mita kama fundi wa nguo, na mkono wake wa juu ulizunguka karibu sentimita 58. Leo, katika nchi nyingi za wazungu, mwanamke analipa pesa apunguze kilo. Huku kwetu mwanamke analipa pesa aongeze. Wote wawili wanaambiwa na watu wengine kwamba mwili walio nao si wa kawaida. Na wote wawili wanauziwa dawa.

Basi mwili wa kawaida ni upi? Tuliwauliza waganga wa kituo, tukakaa nao, wakatufundisha ile hesabu yao. Tunawapa na ninyi, si ngumu.

Wanachukua kilo zako, wanagawa kwa urefu wako, kisha wanagawa tena kwa urefu wako. Jibu likiwa chini ya 18,5 wanasema umekonda kupita. Toka 18,5 mpaka karibu 25 wanasema ni kawaida. Toka 25 ni uzito umezidi, na toka 30 ni unene wa hatari. Chukueni mama wa mita 1 na sentimita 55. Kwa hesabu hiyo, akiwa na kilo 45 yuko ndani ya kawaida. Akiwa na kilo 59 yuko bado ndani ya kawaida. Kati ya hao wawili kuna kilo 14! Wasimamishe hapa mbele, utasema mmoja ana shida na mwingine ni tajiri. Muganga atasema wote wawili wako sawa.

Na mama wa mita 1 na 70, kawaida yake inaanza karibu kilo 54. Kwa hiyo kilo 50 kwa mama mfupi ni nzuri, kwa mama mrefu ni kidogo. Ndiyo maana kusoma mizani kwa sauti mbele ya ghala ilikuwa ni ujinga: tulikuwa tunalinganisha watu wasiolingana.

Tena, hesabu hiyo nayo ina mipaka yake, na ni vizuri kujua imetoka wapi. Aliyeianzisha ni Mbelgiji, Adolphe Quetelet, aliyezaliwa Gand mwaka 1796. Hakuwa muganga. Alikuwa mtu wa kuhesabu nyota na watu, akitafuta "mtu wa katikati" kati ya watu wa kwao Ulaya. Jina ambalo waganga wanatumia leo lilikuja mwaka 1972, kwa kazi ya Mmarekani Ancel Keys na wenzake, na watu waliowapima katika kazi hiyo walikuwa wanaume. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walionyesha kwamba kwa watu wengi wa Asia hatari inaanza mapema zaidi. Kwa hiyo hata wenye hesabu wanajua kwamba mstari si ule ule kwa kila taifa. Hesabu hiyo haijui kama kilo zako ni nyama ya kazi, ni mafuta, ni maji ya kuvimba, ao ni mimba. Inasaidia muganga kuanza kuuliza maswali. Haiwezi kuuliza pahali pake.

Ni vile vile na kile kipimo cha mkono. Tunakiheshimu, kimeokoa watoto wengi. Mtoto mdogo akiwa chini ya sentimita 11,5 ni nyekundu, hakuna kungoja. Kwa mama mwenye mimba ao mwenye kunyonyesha, programu moja inaweka mstari kwenye sentimita 21, nyingine kwenye 23. Basi mama wa sentimita 22 anaweza kuandikwa mgonjwa kwenye kilima hiki, na kuambiwa arudi nyumbani kwenye kilima cha pili. Mwili wake haukubadilika alipovuka mto. Ni gunia ndilo lilikuwa na mpaka. Tunasema hivi ili mama aliyeachwa nje ya mstari asifikiri kwamba ameambiwa hana njaa.

Wazee wetu, kuna jambo ambalo wote mnalijua, hatukulihitaji kwenye kitabu. Mnajua bwaki. Mtoto wa bwaki anavimba miguu, anavimba uso, mgeni anaweza kumwangalia akasema huyu mtoto ni mnene. Lakini hakuna mama hapa anayedanganyika na bwaki. Mnabonyeza mguu na kidole gumba, mnaona shimo linabaki, mnajua. Sasa kama tuna akili hiyo kwa mtoto, tuliipoteza wapi tulipofika kwa mama yake?

Tuseme sasa juu ya vidonge, maana viko sokoni, na tunajua si mama mmoja tu anayemeza. Mara nyingi ni aina mbili. Moja inaitwa siproheptadini. Ni dawa ya mtu anayewashwa mwili ao anayepiga chafya. Inaleta hamu ya kula na usingizi mwingi. Ya pili ni deksametazoni, ile mnayoiita deksa. Hiyo ni dawa ya nguvu, ya muganga, ya magonjwa makubwa na kwa siku zilizohesabiwa. Ukiimeza kwa miezi, inajaza uso na tumbo na shingo, lakini inakula nyama ya mikono na miguu. Inapandisha tansio na sukari. Inalegeza mifupa. Inapunguza kinga ya mwili, hata kidonda kidogo kinakawia kupona. Wale wanaouza hawasemi hivyo, wanasema "vitamini".

Na hapa sikilizeni vizuri, tunarudilia mara mbili. Mama ambaye amemeza deksa muda mrefu, asitupe vidonge leo kwa sababu ya maneno yetu. Asivitupe leo. Mwili wake umezoea, umeacha kujitengenezea dawa yake ya ndani. Akiacha ghafula anaweza kulegea, kutapika, kuanguka, hata kufa. Yule mama wetu alijaribu kuacha peke yake, akaona nguvu imekwisha, akarudilia kumeza. Aende kituo cha afya, aseme ukweli, wampunguzie pole pole. Yeye sasa anapunguza hivyo, na uso wake unarudi kuwa uso wake. Mkimwona amepungua, tafadhali, msimwambie "umekonda".

Hatusemi kwamba unene ni mbaya na wembamba ni mzuri. Tungekuwa tumehama kosa moja kwenda lingine. Kuna wamama wamezaliwa katika ukoo wa watu wanene, wanalima toka asubuhi mpaka jua linazama, tansio yao iko sawa. Kuna wengine, hasa mjini, wanaokaa dukani siku nzima, soda, mafuta, mikate, na ugonjwa wa sukari unaingia bila kupiga hodi. Hao nao wanahitaji kupimwa, si kuchekwa. Na kuna wamama wembamba toka ukoo, hawajaugua hata siku moja.

Waganga walituambia tuangalie zaidi mwendo wa kilo kuliko kilo zenyewe. Mama aliyekuwa na kilo 60 akafika 54 ndani ya miezi sita bila kutaka, hiyo ni kumi kwa mia, aende akaonwe, hata kama hizo 54 ni "kawaida" kwenye karatasi. Mama ambaye damu yake ya mwezi imekatika na hana mimba. Mama ambaye ndani ya jicho na kiganja ni peupe. Mama anayesikia moyo unapiga mbio kwa kupanda kilima kidogo. Mama anayebonyeza mguu na shimo linabaki. Maswali haya hayajibiwi na mtu anayekutazama toka ngambo ya barabara. Yanajibiwa na mama mwenyewe, kama anaulizwa kwa heshima.

Kwa hiyo komite imekata maneno haya, na mkutano wa leo uyaseme ndiyo ao hapana.

La kwanza: hakuna jina litakaloingia ao kutoka kwenye lisiti kwa sababu ya mwili wa mtu. Tutauliza midomo mingapi iko nyumbani, mnapika mara ngapi, shamba limelimwa kiasi gani, nani mgonjwa. Tutauliza hivyo hivyo kwa mnene na kwa mwembamba.

La pili: kupima kilo ni nyuma ya kikwembe, mama mmoja na rele mmoja wa afya. Namba inaandikwa kwenye karatasi ya mama mwenyewe, mwezi kwa mwezi, naye anaibeba. Si mali ya komite, wala ya bwana yake, wala ya mashemeji.

La tatu: sanduku letu la msaada litalipa feshi ya kwanza ya kituo cha afya kwa mama yeyote anayetaka kuacha vidonge. Hatutauliza nani alimuuzia, wala kwa nini alimeza. Tunajua kwa nini.

La ine ni la bure, nalo ndilo gumu: salamu. Tuache kusalimiana kwa kilo. Mtu amerudi toka mbali, amepoteza nyumba, pengine amepoteza watu, na neno la kwanza tunalompa ni juu ya mwili wake. Tumuulize, umelala wapi? Watoto wamefika? Umekula?

Wababa, ninyi tuna neno lenu. Bibi akirudi amekonda, usipeleke habari kwa ndugu zako mbele ya kumpa sahani. Na kama unamsifu, msifu kwa kazi yake na akili yake, maana mashavu yananunuliwa sokoni.

Na ninyi wafadhili wetu, aksanti kwa mbegu, kwa maharagi, kwa mizani hii. Tunawaambia kwa upole: mkiona katika picha zetu mama mwenye mwili, msifikiri kwamba msaada umefika kwa mtu asiyeuhitaji. Kuna siku mgeni mmoja alituomba tumtafutie wamama waliokonda wasimame mbele, wengine wakae nyuma. Tulifanya hivyo, na tunajuta. Wale wa nyuma walikuwa na njaa ile ile. Njaa ya kwetu haiandikwi kwenye mbavu kila mara. Mara nyingi imeandikwa kwenye shamba ambalo halikulimwa misimu miwili kwa kuogopa kwenda.

Tunamaliza. Yule mama tuliyemkata na kalamu nyekundu, jina lake limerudishwa, na tulikwenda nyumbani kwake watu sita kuomba msamaha. Alitupikia sombe na bundu. Tulipoanza kusema, alitukatiza, akasema: "Kuleni kwanza, mtaongea nyuma." Tukala. Nyumbani kwake siku ile walikuwa wamepika mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa ni kwa ajili yetu. Tuliijua kwa sababu safari hii tuliuliza.